TAHADHARI kwa wanaotafuta pikapu: Hilux inayokula oili, ugonjwa umefichwa kwa oili ya gia

Kamwene ndugu zangu. Nawaandikia wote mnaotafuta pikapu ya kazi msimu huu, hasa wakulima na wanunuzi wa nyanya na vitunguu wa Ilula, Ruaha Mbuyuni na Kilolo. Najua wengi wenu mnashuka Dar na pesa ya mavuno yote mfukoni, mnanunua, mnapandisha gari kijijini. Kuna mtu anauza Hilux zilizochoka injini baada ya kuzitengeneza zionekane nzima kwa siku tatu nne tu. Mimi kanipiga shilingi milioni 19. Nimeshakutana na mwenzangu wa Njombe aliyepigwa kwa njia ile ile.

Jina na namba zake siziandiki. Shauri liko polisi, na hata ningeziandika zisingewasaidia. Namba aliyotumia kwangu siyo aliyotumia kwa yule wa Njombe, na jina alilojitambulisha nalo ni jingine kabisa. Kisichobadilika ni mbinu, na mbinu nitaieleza yote.

Pikapu yenyewe ilikuwa Hilux ya mlango mmoja kila upande, injini 5L ya dizeli, cc 2,986, haina tabo. Anayeijua injini hiyo anajua kwa nini niliitaka. Haina kompyuta ya kukusumbua, spea zake zipo mpaka maduka ya njiani, na fundi yeyote wa huku anaifungua bila kubabaika. Tangazo lilisema ni gari la mzee mstaafu, halijawahi kubeba mzigo mzito. Rangi mpya, injini imeoshwa mpaka inang'aa. Mashine iliyooshwa hivyo huwezi kuona inapovujia, na hilo nilikuja kuambiwa baadaye.

Siku ya kwanza nilifika saa nne asubuhi, nikagusa boneti, ya moto. Akasema ametoka kuliosha. Nikamwomba nirudi kesho yake alfajiri nilisikie likiwaka la baridi. Akakubali bila kusita, tukapatana saa moja kamili. Mimi nikafika saa kumi na mbili na nusu. Nilikuta linaunguruma tayari. "Kaka, nimeliwasha mapema usije ukachelewa safari yako." Nikaona ni ukarimu. Ndugu zangu, kama kuna sentensi moja ya kushika katika andiko hili ni hii: muuzaji ambaye kila ukifika injini yake ni ya moto, anakuficha kitu. Mwambie azime, subirini saa tatu nne mkinywa chai, halafu funguo ishike wewe. Akikataa, ondoka.

Nikaliendesha. Lilivuta vizuri, moshi sikuuona. Kijiti cha oili kilionyesha oili imejaa na ni safi. Akanikumbusha kwamba kuna mteja wa Mbagala anafika saa tisa na pesa taslimu. Tukaandikishana. Kwenye karatasi aliweka maneno "limeuzwa kama lilivyo", na kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu mwingine ambaye alisema ni shemeji yake. Risiti hakunipa. Haya yote nilikuwa nimewahi kuwaonya wadogo zangu wasiyakubali.

Nilipakia mifuko 20 ya mbolea nikaanza safari. Morogoro salama, Mikumi salama. Mlima Kitonga ndio uliosema ukweli. Nilikuwa gia ya pili, mguu umekandamiza, nikatazama kioo cha pembeni nikaona moshi wa bluu umefunika barabara nyuma yangu. Dereva wa semi aliyekuwa anashuka alinipigia taa, tulipopishana akatoa kichwa: "Kaka, unachoma oili!" Nilifika Ilula usiku. Asubuhi, na mnajua baridi ya Ilula asubuhi, stata ilizunguka kwa shida kana kwamba betri imekufa. Lilipowaka, moshi ulijaa uani mpaka mama yangu akatoka nje akidhani jiko limeshika moto. Nikachomoa kijiti: oili iko chini ya alama ya chini. Niliongeza lita moja na nusu ndipo ikarudi juu. Kilomita 450 hivi kutoka Dar.

Vitabu vingi vya watengenezaji, Toyota wakiwemo, huweka ukomo wa lita moja kwa kilomita 1,000. Langu lilikuwa linakunywa zaidi ya mara tatu ya hapo. Piga hesabu ya safari mbili kwa wiki uone oili inavyomaliza faida ya nyanya.

Nilimpigia. Akanijibu kwa upole kwamba dizeli zote hula oili kidogo, ni kawaida, ninunue dawa ya kuzuia moshi kwa rafiki yake, chupa mbili. Baada ya wiki akaniambia rafiki huyo huyo anazo injini zilizotumika kutoka nje, milioni 5, atanipunguzia. Nilipotaja polisi namba ikazimwa. Kwa hiyo angalieni, wizi wake una sehemu ya pili. Anakuuzia ugonjwa, kisha anakuelekeza kwa mwenzake mwenye tiba.

Sasa nieleze fundi wangu alichokikuta, maana hapa ndipo penye faida kwenu.

Kwanza aliwasha injini akafungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ulikuwa unatoka kwa kupiga pumzi, puh, puh, puh, kwa mpigo wa pistoni. Injini nzima hutoa mvuke kidogo tu. Akaniambia presha ya mwako inapita pembeni ya ringi, zile duara za chuma zinazoziba kati ya pistoni na silinda, na kushuka mpaka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Kisha akafuata mpira wa kupumulia injini, ule unaotoka juu ya kava la tapeti kurudi kwenye njia ya hewa. Ulikuwa umechomolewa, umeelekezwa chini nyuma ya injini, na tundu lake la upande wa pili limezibwa kwa plastiki. Lengo ni kwamba ule mvuke wenye oili usirudi kuungua na kuongeza moshi kwenye bomba. Kitu cha dakika mbili kukiona, kama ningejua pa kutazama.

Halafu akamwaga oili. Ilishuka kama asali ya msituni. Akachovya kidole, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa harufu kali ya kiberiti, ile ya oili ya difu, gia za kwenye ekseli ya nyuma. Oili ya gia huwekwa viungo vya salfa vya kulinda meno ya gia, na harufu yake huwezi kuichanganya na ya oili ya injini. Muuzaji alikuwa amechanganya oili ya gia nzito na oili ya injini. Oili nzito hupita taratibu kwenye ringi zilizolika, kwa hiyo moshi hupungua na mlio wa injini hutulia. Dawa za kuzuia moshi nyingi hufanya kazi hiyo hiyo, ni vitu vya kuifanya oili iwe nzito. Hazirudishi chuma kilicholika. Madhara yake ni kwamba asubuhi ya baridi oili ya namna hiyo huchelewa kufika juu kwenye shafti na tapeti, vyuma vinasagana vikavu. Gari lililoundiwa oili ya injini ya 15W-40 likijazwa uji ule, kila ukiliwasha linajiua.

Baada ya hapo tukafungua injini. Ringi za oili, zile za chini kwenye pistoni, zilikuwa zimeganda kwa masizi, hazichezi hata ukizisukuma kwa bisibisi. Ukutani mwa silinda, juu kabisa, kulikuwa na ngazi unayoisikia kwa ukucha. Chuma kililika mpaka ringi ya juu inapofikia, juu yake kimebaki kilivyokuwa. Pistoni bado zilikuwa za saizi ya kiwandani, wakati tangazo lilisema injini imefanyiwa matengenezo makubwa mwaka jana. Silinda zikachongwa, tukapanda saizi ya 0.50, pistoni mpya, ringi mpya, sili za valvu mpya.

Niseme na hili la ringi, maana karibu tulizwe mara ya pili. Seti ya kwanza niliyoagiza Dar ilikuja kwenye boksi zuri lenye nembo. Fundi alichukua ringi moja akaisukuma ndani ya silinda, akaweka fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi, kwenye pengo la ncha zake. Pengo lilikuwa kubwa kupita kipimo cha kitabu, na kila ringi ilikuwa na lake. Tukazirudisha, duka likakataa, nikalazimika kununua nyingine. Fundi asiyepima pengo la ringi kabla ya kufunga, msimwachie injini yenu. Boksi na risiti ya zile za kwanza nimevihifadhi ili nipeleke malalamiko Tume ya Ushindani, ambao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia.

Jumla imenigharimu milioni 4 na laki 3, na wiki tano bila gari wakati nyanya zinaiva shambani.

Wengine mnaosoma mtakuwa na gari tayari linalokula oili na hamjalizwa na mtu. Msikimbilie kushusha injini. Anzeni kutazama uvujaji, sili ya nyuma ya krankishafti na gasketi ya kava la tapeti. Oili ikidondoka chini haitoi moshi lakini inapungua vile vile. Kama injini yenu ina tabo, mfano 2KD au 1KD, fungueni mpira wa hewa unaotoka kwenye tabo. Ukikuta oili imejaa humo, tabo inaweza kuwa ndiyo mgonjwa na si ringi. Moshi wa bluu unaotoka kwa wingi unapowasha tu, kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo ni gharama ndogo. Unaotoka unapokandamiza kwenye mlima mara nyingi ni ringi. Moshi mweusi ni habari nyingine kabisa, huo ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Kuna jirani yangu alibadilisha noseli zote nne, zile za kupulizia dizeli, akitibu moshi wa bluu.

Na wewe unayekwenda kununua, nenda na fundi wako mwenyewe, umlipe nauli na posho, siyo fundi aliye pale kwa muuzaji. Wekeni mzigo, tafuteni mlima, mmoja akae nyuma atazame bomba. Oili ichovye kidoleni uinuse. Ukisikia kiberiti, rudisha kijiti mahali pake uondoke bila kubishana. Kadi ya gari, mwenye jina awepo mwenyewe na kitambulisho chake, na uhakiki TRA kabla pesa haijatoka mkononi.

Nilipokwenda polisi, swali la kwanza waliloniuliza ni hili: unathibitishaje kwamba alijua? Mimi ile oili ilikuwa imeshamwagwa kwenye pipa la gereji pamoja na za magari mengine. Mwenzangu wa Njombe yeye aliweka nusu lita kwenye chupa safi, akaifunga, akaandika tarehe na kilomita, akapiga picha fundi akiwa anaitoa na ule mpira uliochomolewa ukionekana. Sasa mashauri yetu tunayapeleka pamoja, na chupa yake ndiyo tunayoitegemea. Kama umenunua Hilux Dar miezi hii, mzee mstaafu, rangi mpya, injini imeoshwa, na asubuhi stata inazunguka kwa uzito, usiimwage hiyo oili mpaka umeitunza sampuli mbele ya shahidi. Kisha nitafute, tuwe watatu.