Uzoefu Wangu wa Kusoma Vitabu Kumi vya Kachero Martin Beck

Riwaya kumi za kachero Martin Beck, zilizoandikwa na Maj Sjöwall na Per Wahlöö wa Uswidi na kutolewa kati ya mwaka 1965 na 1975, nimezisoma zote kwa tafsiri ya Kiingereza, na katika riwaya za upelelezi nilizowahi kusoma hakuna ninazozipa alama za juu kuliko hizi. Msomaji anayetaka mbio za magari na fumbo linalofumbuliwa na mtu mmoja mwerevu ataziona nzito. Thamani yake ni nyingine kabisa: ukizisoma kwa mfuatano zilivyotoka, unaiona jamii ikibadilika kitabu baada ya kitabu, tena kupitia macho ya askari wa kawaida ambao kazi yao ni kuzoa mabaki ya mabadiliko hayo.

Waandishi hawa wawili, waliokuwa wakiishi pamoja na kuandika usiku watoto wakishalala, walikubaliana tangu mwanzo kwamba vitabu vitakuwa kumi, kila kimoja kikiwa na sura 30. Walikuwa watu wa mrengo wa kushoto, na walikusudia kuipima Uswidi kwa ahadi iliyojiwekea yenyewe. Mwaka 1928 Per Albin Hansson, kiongozi wa chama cha Social Democrats, alilieleza bunge kwamba taifa linapaswa kuwa kama nyumba njema, isiyo na mtoto wa kudekezwa wala mtoto wa kambo. Miaka 40 baadaye nchi ilikuwa imetajirika na ikisifiwa duniani kote, na ndipo Sjöwall na Wahlöö walipoanza kuwatafuta watoto wa kambo ndani ya nyumba hiyo.

Katika kitabu cha kwanza, Roseanna, utafutaji huo bado ni wa chinichini. Mwili wa mwanamke unaopolewa kutoka Mfereji wa Göta karibu na mji wa Motala, na kwa miezi mingi polisi wanasubiri barua, wanasoma maelezo ya mashahidi, wanaugua mafua na kurudi katika ndoa zilizopoa. Mimi nilikipenda kitabu hiki kwa sababu ya mwendo wake huo wa pole, kwa kuwa kinaonyesha uvumilivu kuwa ndio kazi yenyewe. Mwaka huohuo wa 1965 polisi wa Uswidi walikuwa wameondolewa mikononi mwa serikali za mitaa na kuwekwa chini ya serikali kuu, na kadiri vitabu vinavyosonga mbele ndivyo unavyoona chombo hicho kipya kikizidi silaha na vyeo huku kikipungukiwa na watu wanaomjua raia kwa jina. Katika The Laughing Policeman, cha mwaka 1968, askari wamejazana mbele ya ubalozi wa Marekani kuwadhibiti waandamanaji wanaopinga vita vya Vietnam, na usiku uleule abiria wa basi moja jijini Stockholm wanamiminiwa risasi. Kitabu hiki kilipata tuzo ya Edgar, inayotolewa kwa riwaya bora za upelelezi, nchini Marekani mwaka 1971, na kwa haki kabisa.

Hata hivyo, ninachokirudia mara kwa mara ni The Locked Room, cha mwaka 1972. Mzee mstaafu anakutwa amekufa kwa risasi ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani, na hakuna bunduki wala bastola iliyoonekana humo. Wakati huohuo wizi wa benki umeshamiri, kwa hiyo serikali imeunda kikosi maalumu kinachoongozwa na mwendesha mashtaka machachari aitwaye Bulldozer Olsson, chenye watu na vifaa vya kutosha. Kifo cha mzee anapewa Martin Beck peke yake, ambaye ndio kwanza anarudi kazini baada ya kupona jeraha la risasi. Waandishi hawatoi hotuba hapa: wanakiweka kikosi upande mmoja na mzee upande wa pili, kisha wanakuachia msomaji uone dola imechagua kulinda nini. Ikumbukwe kwamba hiyo ndiyo miaka ambayo Uswidi ilikuwa ikitekeleza mpango wa kujenga makazi milioni moja, kuanzia 1965 hadi 1974, na mitaa ya zamani ya katikati ya Stockholm ilikuwa inabomolewa. Makazi yalipatikana kweli, ila watu wa vitabu hivi wanazeeka na kufa humo bila jirani kujua.

Kasoro zipo. Katika vitabu vya mwisho matajiri na wakubwa wa polisi wanachorwa kwa rangi moja tu, na kuna kurasa ambazo hasira ya waandishi inaipita hadithi. Tafsiri nazo ni za watu mbalimbali, kwa hiyo sauti hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu. Lakini cha kumi, kilichotoka mwaka 1975, mwaka aliofariki Wahlöö, kinasamehewa mengi kwa ajili ya Rebecka Lind, mama kijana asiye na kitu ambaye kila ofisi anayoiendea inamrudisha, hadi anamuua waziri mkuu kwa risasi. Februari 1986 Olof Palme, waziri mkuu halisi wa Uswidi, aliuawa kwa risasi katika mtaa wa Sveavägen, na sijui Mswidi aliyekuwa amesoma riwaya hiyo aliipokeaje habari ile.

Atakayevipenda aendelee na Henning Mankell, aliyegawa maisha yake kati ya Uswidi na Maputo, alikokuwa akiongoza jumba la maigizo la Teatro Avenida. Riwaya yake ya kwanza ya kachero Wallander, ya mwaka 1991, inaanza na wakulima wawili wazee kushambuliwa nyumbani kwao, na neno la mwisho la bibi, linalomaanisha “mgeni” wa kutoka nje ya nchi, likawafanya watu wawageukie wakimbizi. Swali limehama kutoka tabaka hadi asili ya mtu, lakini mbinu ni ileile ya Sjöwall na Wahlöö.

Kwa asiyeweza kuvipata vyote kumi, ninapendekeza Roseanna kwanza, kisha The Laughing Policeman, na The Locked Room kiwe cha tatu. Cha kumi asikitangulize kamwe, maana uchungu wake unahitaji vile tisa nyuma yake.