Semina ya DNA na mahakama, Ngara: nimeenda, haya ndo maoni yangu

Kama wewe ni wa kusindikiza watu kortini kama mimi, hii semina ya Jumamosi enda. Nililipa shilingi 2,500, chai na mandazi ndani. Nilikua naitafuta tangu kesi ya mtoto wa jirani, pale nguo yake ilifungwa kwa juala la plastiki ikiwa bado na majimaji, kufika maabara imeota ukungu, hakuna cha kupima, na mimi siku hio sikujua hata niulize nini.

Mwalimu ni mama wa makamo, amefanya kazi ya maabara miaka mingi. Asubuhi alitusalimia kwa mkono mmoja mmoja. Saa nne tukinywa chai ndo akauliza mbona kuna chaki ya bluu kwa kifuniko cha themosi, kwa mandazi, hadi kwa shavu la mzee mmoja aliyechelewa na hakumsalimia kabisa. Kumbe mwalimu alikua ameipaka kiganjani! Mimi niliipata kwa mkoba. Hapo akatuambia DNA, ile alama ya mwili wa mtu inayobaki kwa jasho, mate na damu, nayo husambaa hivyo hivyo kwa kugusana. Akatupa kisa cha California mwaka 2012, mtu alishtakiwa mauaji juu DNA yake ilipatikana kwa kucha za marehemu, kumbe usiku huo alikua amelazwa hospitalini amelewa chakari, na wahudumu wa ambulensi waliombeba ndo hao hao baadaye walienda kwa marehemu. Alikaa ndani miezi kama mitano. Alafu Ujerumani, polisi walisaka mwanamke mmoja miaka na miaka juu DNA yake ilikua inapatikana kwa visa vingi, 2009 wakagundua ile DNA ni ya mfanyakazi wa kiwanda, ilikua kwa vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti viliuliwa viini sawa, lakini kuua viini hakuondoi DNA.

Historia aliipitia haraka: Alec Jeffreys, mwanasayansi wa Leicester, Uingereza, aliyegundua 1984 vile DNA inaweza kutambua mtu, na Colin Pitchfork, muuaji aliyenaswa kwa DNA, kufungwa 1988. Kitu kilinigusa ni kwamba kabla ya kumnasa Pitchfork, DNA ilimtoa kijana wa miaka 17 aliyekua amekiri mauaji ambayo hakufanya.

Nilichokosa ni muda wa hesabu. Ukiambiwa DNA inafanana kwa mtu mmoja kati ya milioni, na Nairobi hesabu ya 2019 ilikua watu kama milioni 4.4, basi wanne hivi hapa mjini wanaweza kufanana, kwa hivyo lazima kuwe na ushahidi mwingine. Hio ilistahili saa nzima, ikapewa dakika kumi. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Makosa ya Kingono, kinachoruhusu korti kuagiza sampuli ichukuliwe, pia kiliguswa tu. Na karatasi zote ni za Kizungu, wamama niliokaa nao walihangaika sana, hio warekebishe.

Jumatatu nilikua kortini na familia ingine, nikamuuliza wakili wao kama ana orodha ya kila mtu aliyeshika ile bahasha ya sampuli tangu siku ya kwanza. Hakua nayo. Ameiomba.