Tiba kazi ya mikono: banzi zuri, lakini kile kibanio!

Nilikwenda kliniki ya tiba kazi, yaani tiba ya kumsaidia mgonjwa aweze shughuli zake za kila siku, na nikikikumbuka kile kibanio cha springi nilichopewa damu inanichemka. Faili langu limeandikwa wazi: distrofi ya misuli, ugonjwa unaodhoofisha misuli. Tabibu hakulifungua. Akanikabidhi kibanio na amri: bana mara hamsini, asubuhi na jioni, mpaka mkono uchoke. Nikamuuliza, "Dokta, hii inafaa msuli unaodhoofika?" Akajibu, "Nyie wagonjwa mnapenda uvivu."

Uvivu! Kubana kwa nguvu ni zoezi la mkono uliotoka kwenye plasta, ambao msuli wake ni mzima ila umelala. Kwenye distrofi nyuzi za msuli zenyewe ndizo mbovu. Ukizilazimisha zinachanika haraka kuliko zinavyojiunga. Nusu saa baada ya zoezi, mkono ukiwa dhaifu kuliko ulivyoanza, umezidisha. Maumivu makali yakifika siku ya pili, umezidisha. Mkojo ukigeuka rangi ya chai, acha kila kitu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hayo huambiwa mgonjwa kabla hajashika chochote. Sikuambiwa hata moja. Na kijiko alichonipa kilikuwa kizito, kile cha wanaotetemeka! Mkono usio na nguvu unataka kijiko chepesi, mpini mnene wa sponji.

Kwa hayo kliniki hii ningeipa nyota moja, basi. Ila haki yake nimpe mwenzake wa chumba cha pili, aliyetengeneza banzi langu la kulalia, kile kifaa cha plastiki cha kushikilia mkono usijikunje usiku. Huyo anaijua kazi. Aliilainisha plastiki kwenye maji ya moto, akaiacha ipoe kidogo, akaifinyanga mkononi mwangu huku kifundo cha mkono kimeinuliwa nyuma digrii 20 hadi 30 na vidole vimenyooshwa polepole. Misuli mirefu ya kukunja vidole huanzia karibu na kiwiko na kupita kwenye kifundo, kwa hiyo ukinyoosha vidole huku kifundo kimekunjwa, hujanyoosha kitu. Penye nundu ya mfupa, upande wa kidole cha mwisho, aliitutumua plastiki isisugue. Akasema: ukivua, alama ikikaa zaidi ya dakika 20, usilegeze mikanda ukajiona umetibu, nirudishie nilipashe upya. Nilirudi mara moja, akalirekebisha papo hapo bila kununa.

Kwa banzi hilo ningetoa nne. Lakini hapana, nabaki na mbili: mgonjwa mpya hajichagulii chumba, na kibanio bado kipo kwenye meza ya chumba cha kwanza.