TAHADHARI: Pedi za Hilux "orijino Japani" zinazotumwa kwa basi, na ile hadithi ya "zitazoea tu"

Wakuu, wenye Hilux za zamani, hasa LN106 za injini ya dizeli ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu), someni hapa kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna muuzaji wa spea anayejitangaza mitandaoni kwamba yuko Kariakoo. Anauza pedi za breki za mbele, "orijino kabisa, mzigo wa Japani", kwa karibu nusu ya bei ya dukani, na wateja wa mikoani anawatumia kwa basi. Jina silitaji. Ukurasa ameshaubadilisha jina tangu aniuzie mimi, na akisoma hapa ataubadilisha tena. Asichobadilisha ni namna anavyomzungusha mteja.

Kwamba mjini kuna pedi feki, hilo kila mtu analijua. Kilichonikalisha chini niandike ni maneno anayokupa ukimpigia kulalamika kwamba breki zinalia. Anaanza kwa upole: "Bosi wangu, breki mpya lazima zilie. Zipe muda zizoee diski." Ukipiga tena, kosa limehamia kwa fundi, hajapaka grisi. Ukimwambia fundi amepaka, anakuja na la tatu: "Basi diski zako zimekwisha, kaka. Ninazo hapa, nikufanyie bei ya kishkaji?" Ukikaza, ndipo anakukumbusha kwamba alikupa siku saba za kurudisha mzigo na zimekwisha. Zimekwisha ukingoja zizoee, kama alivyokuelekeza mwenyewe.

Maneno hayo yanawanasa watu kwa sababu si uongo mtupu. Pedi mpya juu ya diski ya zamani kweli huweza kulia, kwa kuwa nyuso mbili hazijashikana vizuri. Lakini kuzoesha breki ni kazi ya jioni moja, haihitaji wiki. Unatafuta barabara tupu, unafika mwendo wa 50, unakanyaga kwa kiasi mpaka 10 bila kusimama kabisa, unaachia, unarudia kama mara kumi, halafu unaendesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Usije ukasimama na kung'ang'ania pedali zikiwa za moto. Mlio wa upya ukishafanyiwa hivyo hupungua. Ukiona unaongezeka, acha kusikiliza simu, sikiliza gari.

Ule mlio mwembamba kama filimbi, unaotoka ukikanyaga kidogo tu, ni mtetemo. Mara nyingi tatizo ni vibati vya nyuma ya pedi havikurudishwa, au mgongo wa pedi ni mkavu pale unapogusana na pistoni inayoisukuma, au uso wa diski umekuwa kioo na unahitaji msasa. Unakera, ila hauui. Mgongano wa "ko" ukikanyaga au ukirudi nyuma unatokana na pedi kucheza kwenye nafasi yake: pini au springi zake hazipo, ama bolti za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, hazikukazwa, na hiyo ya bolti usiilaze mpaka kesho. Kukwaruza kusikokoma hata mguu ukiwa mbali na pedali kunaweza kuwa ni lile bati jembamba la nyuma ya diski limepinda wakati wa kufunga, au kijiwe kimenasa humo. Unalinyoosha kwa mkono na safari inaendelea. Kwenye pedi nyingi kuna pia ulimi mdogo wa chuma unaogusa diski pedi ikibaki milimita mbili au tatu. Kama ulimi huo unapiga kelele kwenye pedi mpya, basi umepinda au pedi imefungwa upande siyo.

Mlio ukitoka nyuma, pedi haihusiki kabisa, maana Hilux hizi nyuma zina dramu, ambazo ndani yake hubanwa na shuu badala ya pedi. Fungua uangalie kama sili ya ekseli inavujisha oili juu ya shuu, na kama sehemu ambazo shuu hutelezea zimekauka. Na tafadhali, vumbi la humo msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Bitana za zamani, yaani ile sehemu ya kusugua iliyobandikwa kwenye shuu au pedi, zilikuwa na asbesto. Lowanisha, futa.

Mlio wa kuogopa ni wa kusaga, chuma kwa chuma, unaousikia mpaka kwenye nyayo. Wa kwangu ulianza kama filimbi ukageuka kusaga, tena mahali pabaya: natelemka kutoka Lushoto kwenda Mombo, nyuma nimejaza kabichi. Anayeijua barabara ile anajua kwamba ukishapita Soni ni kona juu ya kona, korongo upande mmoja. Hata ukishuka na gia ya pili, breki utaigusa tu. Pedali ilikuwa ngumu, mguu wote niko juu yake, na gari linapunguza kwa kusuasua, harufu ya kuungua imejaa ndani. Hapo kuna jambo la kushika. Pedali ikizama mpaka chini, tafuta mafuta ya breki yaliyochemka, upepo ndani ya mfumo au mahali panapovuja. Pedali ikiwa ngumu na gari halishiki, shuku buster, kile kifaa cha kuongezea mguu nguvu ya breki, na kwenye dizeli hizi hiyo inategemea pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya alteneta, au shuku pedi zenyewe. Buster yangu ilikuwa nzima: ukizima injini, ukakanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ukaishikilia ukiwasha tena, inashuka kidogo chini ya mguu. Ikishuka hivyo, buster inavuta.

Fundi wa Mombo alitoa tairi la kulia kwanza. Kalipa za Hilux hizi za foro-wili zina pistoni nne, mbili kila upande, na pistoni moja ikiganda pedi inalika upande na kulia, ndiyo maana alianza kwa kuzisukuma zote nne zirudi ndani. Zilirudi bila shida. Kisha akachomoa pini mbili, akaivuta pedi. Sikuhitaji kuelezwa. Bitana ilikuwa imeachana na bati lake la chuma, ukucha wa dole gumba uliingia katikati. Kona moja ilikuwa imemeguka. Usoni kulikuwa na vipande vya chuma vinavyong'aa vimezama ndani ya bitana, na kila kipande kilikuwa kimechimba mfereji wake kwenye diski. Akakwangua rangi nyeusi ya mgongoni kwa bisibisi, chini yake kukatokea kutu ya zamani. Bati la kuokotwa, limepakwa rangi na kubandikwa bitana upya. "Kijana," akaniambia, "hizi hata ukizipa mwaka hazizoei."

Boksi nilikuwa nalo kwenye gari. Limechapwa vizuri kweli, stika inang'aa. Lakini namba ya spea ilianza na 04466, na kwa Toyota tarakimu hizo ni za pedi za diski za nyuma. Pedi za mbele huanza na 04465, na shuu za nyuma 04495. LN106 haina diski za nyuma, kwa hiyo boksi hilo halina kazi kwenye gari hili hata lingekuwa halisi. Kumbe maboksi ni ya aina moja, ndani wanatia chochote kinachoingia kwenye kalipa. Kwa hiyo muuzaji wa mtandaoni akikutumia picha ya boksi, mwombe picha ya stika na ya mgongo wa pedi, namba zisomeke. Muuzaji wangu, fundi mmoja jirani alipomwomba hivyo kwa laini nyingine, alimzuia papo hapo.

Angalia pia ukingo au mgongo wa pedi kama umeandikwa herufi mbili za ukali wa bitana, kwa mfano FF. Herufi ya kwanza inaonyesha inavyoshika ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. Kwa kipimo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45. Za kwangu hazikuwa na chochote. Herufi nazo zinaweza kuchapwa na mwongo, lakini pedi isiyo na alama yoyote mgongoni usiifunge, hasa kama mizigo yako inashuka milimani.

Sina ugomvi na kopi. Zipo kopi zinazouzwa kwa jina lake halisi, na bosi wa daladala anazitumia bila kesi. Ugomvi wangu ni wa mtu anayeuza takataka kwa jina la mwingine, kisha anakupa ushauri wa kiufundi ili muda upite.

Zile diski "zilizokwisha" nazo zilikuwa uongo. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski yenyewe, karibu na neno MIN. Zilipimwa, zikachongwa kuondoa mifereji, zikapimwa tena, zikabaki juu ya kiwango. Nikafunga pedi za duka linalotoa risiti, nikazizoesha jioni ileile, kimya.

Kuhusu risiti: yeye alinitumia karatasi ya mkono yenye muhuri uliofifia na maneno "mali ikiuzwa hairudishwi". Jina lililotokea wakati wa kulipa kwa simu halikufanana na la duka. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na namba yake ya uhakiki uiingize kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato, kabla mzigo haujafungwa garini.

Kama umeshanunua kwake, usimrudishie pedi hata akikuahidi kukubadilishia, maana zikiondoka huna ushahidi. Zipige picha pamoja na boksi na stika, hifadhi meseji zote na ujumbe wa malipo, mwombe fundi aandike alichokikuta. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mambo ya ubora unaweza kuyapeleka TBS, Shirika la Viwango. Za kwangu nimeziweka kwenye kiroba pamoja na boksi lake. Aliyeuziwa zenye stika ya 04466 kwa ajili ya LN106 aniandikie inboksi, tupeleke malalamiko kwa pamoja.