Sinners na Mission: Impossible: ya DJ bandani au yenyewe nyumbani?

Sinners (dakika 137) na Mission: Impossible – The Final Reckoning (dakika 169), zote za 2025, tumeziangalia kwa njia mbili: za DJ, yaani zenye mtu anayetafsiri na kusimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi, kwenye banda moja la video la Mwanjelwa, Mbeya, halafu zenyewe, za kukodi mtandaoni, kwenye runinga ya nyumbani. Mimi ni mtu wa maongezi na muziki. Mwenzangu, stelingi asipokimbizwa ndani ya dakika kumi za kwanza, anatoa simu.

Sinners ndiyo iliyotugombanisha. Ni Mississippi mwaka 1932. Mapacha Smoke na Stack wanarudi kutoka Chicago, wananunua kiwanda cha zamani cha mbao na kukigeuza ukumbi wa muziki. Wote wawili ni Michael B. Jordan, kwa hiyo shika rangi mapema: Smoke kofia ya bluu, Stack nyekundu. Hapa DJ anasaidia kweli, maana anamtaja pacha kila anapoingia. Ila wanyonya damu wa muvi hii hawawezi kuingia mahali mpaka wakaribishwe, na sharti hilo liko kwenye maongezi tu. DJ alilipita akiwatania wale wa mlangoni, na banda zima likabaki linauliza mbona hawavunji mlango wakaingia.

Halafu kuna wimbo wa Sammie, binamu wa mapacha anayepiga gitaa, ukumbini, ambapo wanamuziki na wachezaji wa zama zilizopita na zijazo wanatokea katikati ya watu. Kwangu ndiyo roho ya muvi nzima. Kwenye kopi ya DJ umekufa, na sababu ni ya kiufundi: sauti yake imeshachanganywa na ya muvi kwenye njia moja, akifungua mdomo muziki unashushwa, na mwenye banda hana namna ya kuzitenganisha. Mwenzangu haoni tatizo. "Kaka, pale hakuna anayepigwa, acha DJ atuchekeshe."

Picha nayo ina mtego. Muvi hii imepigwa kwa vipimo viwili, kwa hiyo kuna sehemu inakuwa mkanda mwembamba wenye weusi mwingi juu na chini, kisha inajaa kioo. Runinga haijaharibika. Ukibonyeza zoom ili kuondoa weusi, unakata watu wa pembeni. Kopi ya bandani ilikuwa imekatwa hivyo hivyo. Kosa kubwa zaidi ni kuzima majina yakianza kupanda. Kuna kipande kirefu baada ya majina ya kwanza, ambacho ndicho mwisho wenyewe wa hadithi, na kingine kifupi majina yakiisha. Bandani walizima. Mwambieni mwenye banda mapema.

Mission: Impossible, hapo namwachia mwenzangu ushindi. Saa ya kwanza ni maelezo juu ya maelezo, mengi yakirudia muvi zilizopita. DJ aliyafupisha kwa sentensi chache na hatukupoteza kitu. Lakini ndani ya ile nyambizi iliyozama, karibu hakuna anayesema neno; ni maji, vyuma vinavyolia na pumzi. DJ hawezi kukaa kimya, akapajaza utani. Mwenzangu mwenyewe alikunja uso. Zile ndege ndogo za mwishoni, zilizopigwa Afrika Kusini, zinafaa popote, ila bandani kelele za watu zinaongeza utamu ambao sebuleni haupo.

Kwa wa nyumbani: ubora wa kawaida hula takriban GB 1 kwa saa, HD inafika GB 3. Sinners kwa HD ni karibu GB 7 za bando, kwa hiyo kama programu inaruhusu, ipakue usiku mtandao ukiwa mwepesi kuliko kuitazama inakwamakwama. Maongezi yakiwa chini na milipuko juu, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga uchague stereo au PCM. Mara nyingi kinachosumbua ni sauti ya sinema ya spika nyingi kubanwa kwenye spika mbili ndogo. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza unakijua, maana lafudhi ya Mississippi haina huruma.

Kwa wa bandani: kaa katikati, si benchi la mbele, ambako spika inakuziba masikio na shingo inakakamaa kabla ya saa tatu za Tom Cruise kuisha. Juni na Julai beba koti zito. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, tazama mawingu kabla ya kulipa: mvua ya Mbeya ikishuka kwenye bati, humsikii DJ wala muvi, na hela hairudishwi.