Molten BG5000: mpira ulioipa Hispania ubingwa

Mwaka 2019 nchini China, Hispania ilishinda mechi zote 8 za Kombe la Dunia la mpira wa kikapu na kuichapa Argentina 95-75 kwenye fainali, ikitumia mpira huu. Ni ngozi halisi, vipande 12, saizi 7. Ukiwa mpya huteleza. Uchezeeni mazoezini kwanza mpaka ngozi ilainike, ndipo ushike vidole vizuri ajabu. Lowesha sindano ya pampu kabla ya kuichomeka, la sivyo vali, tundu la kujazia upepo, inaweza kuchanika. Kupima kama upepo unatosha, udondoshe kutoka mita 1.8: upande wake wa chini urudi mita moja na kidogo. Uwanja wa saruji huikwangua ngozi upesi, na maji huiharibu kabisa. Kwa uwanja wa nje, nunua wa raba.