Kutembea Berlin siku moja na wanachuo: muongozaji nampa mbili, mjusi wetu nampa tano

Naandika hii kwa wanachuo wenzangu wa Bongo mnaokuja Berlin kwa safari za masomo, maana sisi tulikuja ishirini na nane na walimu wawili, wiki nzima semina, siku ya kutembea ni moja tu, Jumatano, na hiyo moja tukailipia kampuni ituzungushe mjini kwa miguu. Kampuni siitaji jina.

Asubuhi kabla ya hao jamaa tulienda Reichstag, pale bungeni kwao, kupanda kwenye lile kuba la vioo. Hii ni bure kabisa, ila lazima mjiandikishe mapema kwenye mtandao, majina yote, na siku yenyewe kila mtu aje na pasipoti. Mwenzetu mmoja aliiacha hosteli, akabaki nje na baridi ya Oktoba lisaa lizima anatuangalia sisi tunazunguka huko juu kama sisimizi kwenye chupa. Walimu walisema tangu jana yake, kwahiyo hapo hakuna wa kulaumiwa. Kuba lenyewe nyota tano, unazunguka na ile njia ya kupanda taratibu na mji wote unauona.

Sasa tukashuka mpaka Lango la Brandenburg, ni pua na mdomo tu, kumsubiri muongozaji (nikiandika gaidi mtanielewa vibaya). Kachelewa dakika arobaini. Kaja anatabasamu, hana kipaza sauti, watu thelathini, upepo, na Kiingereza chake kinakimbia kama anadaiwa, walioko mbele wanacheka sisi wa nyuma tunacheka kwa kufuata mkumbo. Pale kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, yale mawe 2,711 ya rangi ya kijivu, aliongea vizuri, nikiri, na kabla hatujaingia akatuambia hapa sio pa kupigia selfi za kuruka ruka. Ukiingia katikati mawe yanakuwa marefu kuliko wewe na ardhi inapanda inashuka, kelele za mji zinapotea, kila mtu akanyamaza mwenyewe bila kuambiwa.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuchoka naye. Tulisimama robo saa nzima kwenye maegesho ya magari, sitanii, maegesho, kwasababu chini yake palikuwa na handaki la Hitler. Hakuna kitu cha kuona, gari tu zimepaki. Halafu tukatokea Wilhelmstraße tukapita mbele ya kibao cha maelezo, mguu na njia, hajageuza hata shingo. Dada mmoja tuliye naye anayesoma historia ndo akapiga kelele jamani simameni! Kumbe hapo, namba 92 ya sasa, ndo palikuwa na jumba la Bismarck, chansela wa Ujerumani, ulipofanyika Mkutano wa Berlin, Novemba 1884 mpaka Februari 1885, ule tuliokariri tangu sekondari, wakubwa wamekaa mezani wanapanga namna ya kugawana Afrika na Mwafrika hata mmoja hakuitwa. Mkutano umeisha tarehe 26, tarehe 27 Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, kapewa hati yake ya ulinzi juu ya ardhi za kwetu. Yani tumelipa hela, tumekuja Watanzania wote, na mtu anatupitisha hapo kama tunapita kituo cha daladala. Tulipomuuliza akasema "hiyo haipo kwenye programu". Programu yake ilikuwa na nini? Checkpoint Charlie, kile kivuko cha zamani kati ya Berlin Mashariki na Magharibi, ambapo hata kile kibanda cha walinzi sio chenyewe, ni cha kuiga, na dakika ishirini na tano ndani ya duka la kofia na sumaku za friji ambalo naamini ana asilimia yake. Tukaagana hapohapo.

Mchana tukala doner tumesimama, nzuri na inashibisha, twende mbele.

Kilichookoa siku ni treni ya chini ya ardhi. Hapo Checkpoint Charlie kuna kituo cha Kochstraße, unapanda U6, vituo vitano unashuka Naturkundemuseum. Mkiwa wengi kata tiketi ya kikundi ya saa 24, moja inabeba watu watano, ila IGONGENI kwenye kile kimashine kabla ya kupanda, wakaguzi wanakaa kwenye siti na nguo za kawaida kama abiria na faini ni euro 60. Usiulize nimejuaje.

Sasa makumbusho. Unaingia tu ukumbi wa kwanza, huyo hapo. Mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya yule dinosaria wa kilima cha Tendaguru, yule yule wa Lindi ambaye bungeni kwetu wamemjadili miaka na miaka arudi au asirudi. Urefu kwenda juu mita 13.27, hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kumzidi duniani. Picha zake nimeziona tangu niko mdogo nikadhani nimemjua, wapi bwana. Unaangalia juu mpaka shingo inauma ndo unakutana na kile kichwa. Na hayuko peke yake, kuna na wenzake waliotoka kilima hichohicho.

Walimchimba kati ya 1909 na 1913. Hesabu miaka, Maji Maji imeisha 1907, kusini kote njaa, halafu mamia ya watu haohao ndo wanachimba mifupa na kuibeba kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, lishikeni hilo jina, maana mkitajiwa wachimbaji mtatajiwa maprofesa. Mwenzetu mmoja wa Mtwara alikaa kwenye benchi pale chini ya mkia akagoma kuondoka. Tulikaa masaa mawili na bado tulifukuzwa na muda. Kuna punguzo la wanafunzi, beba kitambulisho, na Jumatatu wanafunga.

Jioni East Side Gallery, kilomita moja na zaidi ya Ukuta wa Berlin uliobaki umechorwa rangi, giza limeingia, simu zimekata chaji, sina cha kusema.

Usiku hosteli ndo napekua kwenye simu nagundua kuwa hukohuko Neukölln tulikolala siku zote hizo kuna mtaa unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wetu wa TANU! Zamani ulikuwa mtaa wa Wissmann, yule kamanda wa Kijerumani aliyemnyonga Pangani Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, wakambandua mwaka 2021. Asubuhi ya kuondoka nikatoka mbio peke yangu nikakipiga picha kibao, narudi mabegi yote yako ndani ya basi, dakika kumi wananisubiri mimi, mwalimu hakuongea na mimi mpaka eapoti.